Marsabit, Nchi Idhaniwayo Kuwa Tupu

Mtu atazamaye ramani ya Kenya huona upande wa kaskazini mahali papana penye majina machache, na upesi hudhani kwamba nchi ile haina watu. Hapo ndipo ilipo kaunti ya Marsabit. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 70,000, na hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 459,785, yaani hawafiki 7 katika kila kilomita ya mraba. Lakini uchache wa watu si utupu wa nchi, na kuyachanganya mambo hayo mawili kumewaletea wenyeji hasara kubwa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mlima Marsabit ulitokana na volkeno, na juu yake pana msitu unaolishwa na ukungu. Ukishuka kaskazini magharibi, miti hukoma, ukafika jangwa la Chalbi, ambalo zamani lilikuwa ziwa na sasa ni uwanja wa chumvi. Mpaka wa magharibi ni Ziwa Turkana. Kandokando ya Chalbi, kama Kalacha na Maikona, yapo maji, nayo ndiyo yaamuayo watu wakae wapi na wahame lini. Wagabra na Warendile hufuga ngamia, Waborana hupenda ng'ombe, Waburji hulima mlimani, na Waelmolo huvua ziwani. Mfugaji aondokapo malishoni hakuyatupa. Ameyaweka akiba mpaka mvua irudi.

Wakoloni hawakuitazama nchi kwa macho hayo. Kwa sheria ya mwaka 1902 wilaya za kaskazini ziliweza kufungwa, mgeni asiingie bila kibali. Na sheria ya mwaka 1934 ikawapa maofisa uwezo wa kuzuia nyendo za wenyeji wenyewe. Basi lililoitenga nchi si jangwa peke yake, bali na kalamu pia. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, 1963 hadi 1967, pamoja na amri za hali ya hatari. Mwaka 1965 Serikali ilitangaza kwamba fedha za maendeleo zitumike hasa penye rutuba na mvua. Nchi kavu ikangoja. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale haikukamilika mpaka nusu karne baada ya uhuru.

Tangu 2013, kwa katiba ya 2010, Marsabit ina serikali yake ya kaunti. Hata hivyo dhana ya zamani haijafa. Karibu na Loiyangalani ilisimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, katika ardhi iliyopata ekari 150,000. Mwaka 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa njia halali.

Kwa hiyo, aitaye nchi tupu hasemi tu habari za idadi ya watu. Asema pia kwamba haina mwenyewe. Na Marsabit inao wenyewe.