Mlevi kwa Mlevi: Vikundi vya Kuacha Pombe Vilianzaje?

Hebu nikuulize kabla hujafungua ukurasa mwingine. Mtaani kwenu hakuna jamaa ambaye Shaaban ikiisha huvunja jungu kwa chupa, akafunga mwezi mzima vizuri, tarawehe yuko safu ya mbele, halafu Idi mosi jioni yuko palepale? Kwetu yuko. Mwaka jana aliniuliza mimi, ati kwa kuwa nasoma chuo kikuu: "Watu wa kuacha hii kitu hukutana wapi?" Nikamwambia atubie. Akacheka. "Nimetubia mara ngapi, ustadh?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma.

Mwaka 1840, katika mji wa Baltimore, Marekani, wanywaji sita wa baa moja waliahidiana kuacha pombe. Wakajiita Washingtonians. Mikutano yao haikuwa ya wahubiri. Mlevi alisimama akasimulia yaliyompata, na wenzake wakasikiliza. Katika miaka michache watu kwa malaki walitia sahihi ahadi ile. Mwaka 1842 Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, aliwahutubia wa mji wa Springfield akawaambia kwamba mlevi havutwi kwa kulaaniwa. Lakini siasa ziliingia, ugomvi wa kupiga pombe marufuku ukaingia, na kabla ya miaka kumi kwisha chama kilikuwa kimesambaratika.

Sasa njoo 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa New York, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Alisafiri hadi Akron, jimbo la Ohio, kwa ajili ya mpango wa biashara, nao ukaharibika. Mfikirie amesimama ukumbini mwa hoteli, mfukoni hana kitu cha maana, upande mmoja kelele za baa, upande wa pili simu. Akaenda kwenye simu. Alipigia makasisi mpaka akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi kama yeye. Walikutana tarehe 12 Mei. Daktari alitaka kumpa dakika kumi na tano tu, wakakaa zaidi ya saa sita! Manake kwa mara ya kwanza alikuwa akizungumza na mtu anayeujua ugonjwa ule kwa mwili wake mwenyewe, na aliyekuja kwa kuwa naye pia ameshikwa na hamu ya kunywa.

Tarehe 10 Juni daktari alikunywa mara ya mwisho. Asubuhi ile Bill ndiye aliyempa chupa ya bia, ili mikono isitetemeke kwenye upasuaji. (Mimi nisingependa kuwa mgonjwa huyo.) Tukio hilo lina funzo la kitabibu: anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Kwa hiyo usimfungie ndugu yako chumbani siku ya kwanza ya Ramadhan. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 walikuwa kama watu mia moja, wakatoa kitabu chenye zile hatua kumi na mbili. Mwaka 1941 gazeti moja kubwa liliandika habari zao, na kutoka elfu mbili wakafika elfu nane mwaka huohuo. Utaratibu wao ni mwepisi: viti kwa duara, jina la kwanza tu, hakuna ada, sharti ni moja, kutaka kuacha. Anayeanza haambiwi aache maisha yake yote. Anaambiwa leo. Tena hawashiki siasa wala hawaungi mkono chama chochote, balaa lile la Washingtonians halikuwapata.

Na Waislamu je? Wapo. Mwaka 1989, katika Baltimore ileile, Waislamu waliopitia mikutano hiyo walianzisha Millati Islami, hatua zilezile zikaandikwa upya kwa kumtaja Allah. Nilipolisoma hilo niliona haya kidogo, kwa sababu sisi tuna habari ya zamani zaidi. Pombe ilikatazwa hatua kwa hatua: aya ya Al-Baqara, kisha An-Nisaa, mwisho Al-Maida. Anas alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha mnadi alipopita, na ikamwagwa ikatiririka njiani Madina. Tunapohadithia, twasifu utiifu wao, na ni haki. Ila angalia pia kwamba mji mzima uliacha pamoja. Jirani yako naye alikuwa akimwaga. Jamaa wa kwetu anaacha peke yake, na rafiki zake wote wako baa.

Kama unatafuta, Nairobi mikutano ya Alcoholics Anonymous ipo, na mingine huwa wazi hata kwa mama au ndugu wa mlevi. NACADA wana simu ya bure, 1192, uliza kilicho karibu nawe. Mtaani kwenu hakuna kitu? Akron walianza wawili.

Sisi tunakutana Jumatano baada ya Isha, nyuma ya madrasa. Mimi sijawahi kunywa, kwa hiyo kazi yangu ni kupanga viti na kunyamaza. Jamaa yetu alikaa peke yake wiki mbili. Wiki ya tatu mzee mmoja ambaye hatukumtarajia alisimama mlangoni, akauliza kama hapa ndipo.