Udongo, Panya na Mbuzi: Utafiti Uliohifadhiwa Chini ya Milima ya Uluguru

Hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, hutunza tasnifu za uzamili na uzamivu, makala za majarida, ripoti za miradi na mada zilizowasilishwa kwenye makongamano. Husimamiwa na Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyopewa hadhi hiyo ya kitaifa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991. Programu inayoiendesha ni DSpace, iliyotolewa Marekani mwaka 2002 na kuenea katika vyuo vikuu vingi vya Afrika kwa kuwa haiuzwi.

Chuo chenyewe kilipita mikono kadhaa. Mwaka 1965 kilikuwa chuo cha kilimo kinachotoa stashahada. Baadaye kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikaongezewa misitu mwaka 1974 na tiba ya mifugo mwaka 1976. Kilipata kusimama chenyewe Julai 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro miezi michache kabla. Ndiyo maana tasnifu za kabla ya hapo zina jina la Dar es Salaam kwenye jalada, hata kama shamba la majaribio lilikuwa Morogoro.

Swali kongwe kuliko yote katika eneo hili ni la udongo, nalo lilikuwapo kabla ya chuo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana, watu wakagoma, na ghasia za mwaka 1955 zikaumaliza mradi. Hofu ya mmomonyoko yenyewe haikuwa ya kubuni. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache ilisababisha maporomoko zaidi ya elfu moja huko Mgeta, kwenye milima hiyo hiyo. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, Sweden, waliofuatilia tukio hilo walikuta kwamba sehemu kubwa mno ya maporomoko ilianzia mashambani na kwenye nyasi, huku penye msitu ardhi ikishika. Tasnifu nyingi za SUA kuhusu misitu ya Uluguru, mto Ruvu na maji yanayonywewa Dar es Salaam zinaendelea pale walipoishia wao. Anayezisoma sambamba na kisa cha 1955 ataona kwamba wakoloni walikuwa na tatizo la kweli na dawa mbaya.

Utafiti uliokipa chuo sifa ya pekee, hata hivyo, ni wa panya. Wenyeji wa mashamba ya mahindi wanajua hasara ya panya shamba, anayefukua mbegu kabla haijaota. Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walitenga eneo la hekta tatu mjini Morogoro na kupanga humo mitego 300, kila mmoja mita kumi kutoka kwa mwenzake. Kila mwezi mitego hutegwa usiku kwa siku tatu mfululizo kwa chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Panya anayenaswa hupimwa uzito, hutiwa alama na kuachiwa pale pale aliponaswa. Kazi hiyo ya kuchosha, iliyorudiwa tangu miaka ya 1990, ndiyo iliyothibitisha kwamba idadi yao huifuata mvua: vuli ikianza mapema na kunyesha sana, panya huwahi kuzaa, na mwaka unaofuata huweza kuwa wa mlipuko. Damu na viroboto vyao vikafungua mlango wa utafiti wa magonjwa, ikiwemo tauni iliyosumbua Lushoto kuanzia mwaka 1980.

Kutoka hapo hapo panya akageuzwa mfanyakazi. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, lilihamia SUA na kuanza kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, kisha vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, alifanya kazi Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Mifugo na mazao vina sehemu kubwa zaidi ya hifadhi, ingawa havivumi hivyo. Mbuzi wa maziwa wa Norway walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980 wameandikiwa tasnifu juu ya lishe, uzazi, magonjwa na soko la maziwa. Maharage ya SUA 90, Rojo, Pesa na Mshindi yalizaliwa kwenye majaribio ya aina hiyo hiyo. Sayansi ya jamii na elimu zilikuja baadaye, hasa baada ya Mazimbu, iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, kugeuzwa kampasi ya Solomon Mahlangu.

Kasoro kubwa ya hifadhi ni lugha. Karibu tasnifu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, zikiwemo zile zilizojengwa juu ya majibu ya wakulima waliohojiwa kwa Kiswahili au Kiluguru. Maktaba ina mkusanyo mwingine uitwao Mkulima, wenye vijitabu na vipeperushi vya Kiswahili, lakini huo hauwezi kuchukua nafasi ya tasnifu zenyewe. Ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, iwekwe juu ya kila tasnifu, ni kazi ambayo mwandishi anaweza kuimaliza kwa siku moja, na chuo kingefanya vyema kuidai kabla ya kutoa shahada.