Hazina ya mbegu iliyolala katika udongo wa jangwa

Ardhi ya jangwa isiyo na jani hata moja huweza kuwa imejaa mimea. Mbegu zilizopukutika misimu iliyopita hulala mchangani, nyingine kwa miaka mingi, zikingoja mvua. Wataalamu huuita mkusanyiko huo hazina ya mbegu za udongoni, na njia kuu ya kuupima ni nyepesi: kuuchukua udongo, kuumwagilia maji na kuhesabu kinachoota.

Katika miaka ya 1940, Frits Went, mwanabotania mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alichukua udongo wa jangwa katika eneo la Joshua Tree na kuunyeshea mvua ya kutengenezwa. Udongo uleule ulipowekwa penye baridi ulitoa mimea ya majira ya baridi. Ulipowekwa penye joto, ukatoa mimea ya kiangazi. Lililoshangaza zaidi ni hili: maji yalipopandishwa kutoka chini mpaka udongo ukaloa, mbegu hazikuota. Yalipomwagwa kutoka juu, kiasi cha milimita 25, zikaota. Maelezo yake ni kwamba mbegu nyingi za jangwani hubeba vizuizi vya uotaji, na udongo una chumvi. Vyote hivyo sharti vioshwe na kuteremshwa chini. Manyunyu hayana nguvu hiyo. Ni kana kwamba mbegu inaipima mvua kabla ya kuiamini.

Hata mvua nzuri haiziamshi zote. Huko Tumamoc Hill, mjini Tucson, Arizona, Lawrence Venable na wenzake wamekuwa wakihesabu mimea ya msimu mmoja tangu mwaka 1982. Wamebaini kwamba aina ambazo mavuno yake ya mbegu hubadilika sana mwaka hadi mwaka ndizo zinazoacha sehemu kubwa zaidi ya mbegu zikiendelea kulala. Dan Cohen alikuwa ameyatabiri hayo kwa hesabu mwaka 1966. Mkulima yeyote anayebakiza mbegu ghalani, asizipande zote kwa mvua ya kwanza, anaielewa hoja hiyo bila hesabu.

Anayetaka kupima hukusanya udongo kabla ya mvua kuanza. Huchimba sentimita 5 hivi tu, kwa sababu mbegu nyingi hukaa karibu na uso. Sampuli nyingi ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwani upepo, maji na sisimizi huzirundika mbegu mahali pamoja, hasa chini ya vichaka, na kupaacha pengine patupu. Udongo hutandazwa mwembamba katika trei, juu ya mchanga uliochomwa ili usiwe na mbegu. Trei moja huachwa na mchanga huo peke yake. Kikiota kitu humo, kimeletwa na upepo. Kila mche hutambuliwa, huhesabiwa na kung'olewa. Usiotambulika hukuzwa mpaka utoe maua. Uotaji ukikoma, udongo hukaushwa, hukorogwa na kumwagiliwa tena. Trei isiyoota kitu haithibitishi kwamba udongo ni mtupu, kwani mbegu nyingine hudai kukwaruzwa ganda, joto kali au moshi.

Kipimo hiki kina uzito mkubwa panapotakiwa kurejesha uoto. Penye mbegu hai, huenda ardhi ikatosheka kwa kupumzishwa. Zisipokuwepo, ni lazima zinunuliwe na kupandwa. Greda linaloparua sentimita chache za juu huondoka na karibu hazina yote. Ndiyo maana, katika machimbo ya pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, udongo wa juu hutengwa na kurudishwa baadaye. Ukirundikwa kwa kina na kwa muda mrefu, mbegu zake huoza.

Wafugaji nao wana la kuzingatia. Mbegu nyingi zinazokutwa katika udongo wa jangwa ni za mimea ya msimu mmoja; nyasi za kudumu, kwa kawaida, huacha chache, nazo hazidumu sana. Malisho yaliyokwisha kupoteza nyasi hizo yanaweza kufunikwa na maua baada ya mvua, na mifugo bado ikakosa cha kula miezi michache baadaye.