Neno jepesi lililogeuka mzigo

Februari 2026 imetimia miaka 25 tangu wataalamu 17 wa programu za kompyuta wakutane Snowbird, kituo cha mchezo wa kuteleza kwenye theluji katika milima ya Utah, Marekani. Walitoka na tamko fupi la kuenea ukurasa mmoja, na neno moja la Kiingereza ambalo sasa halikosekani kwenye tangazo la kazi ya kompyuta, Nairobi hata Dar es Salaam: agile.

Hadi miaka ya 1990 ofisi nyingi zilitaka mahitaji yote yaandikwe na kutiwa sahihi kwanza, ndipo mtu aguse kompyuta. Mteja akija kupokea kazi, shida yake imeshabadilika. Wakazuka waasi na mbinu zao: Scrum ya Ken Schwaber na Jeff Sutherland, Extreme Programming ya Kent Beck, na wenzao. Zote ziliitwa kwa jumla mbinu "nyepesi".

Kisa cha mkutano tunacho kwa Jim Highsmith, mmoja wa wale 17. Anasema mzozo mkali kuliko yote ulihusu mahali pa kukutania. Chicago kuna baridi na hakuna la kufanya. Anguilla, kisiwa cha Karibi, kuna joto na raha, ila kufika huko ni safari. Snowbird nako baridi, lakini angalau watu watateleza. Snowbird ikashinda, na Highsmith hakuacha kumtania Martin Fowler kwamba siku ya kwanza alijaribu kuteleza kwa kichwa.

Likabaki jina la mbinu hizo. Alistair Cockburn alikuwa amekwisha kulalamika kwamba mbinu kuitwa nyepesi si neno, ila yeye mwenyewe hakuwa tayari kuitwa mtu mwepesi aliyekwenda kwenye kikao cha wepesi, kama kundi la watu dhaifu wa mwili na akili. Nani asiyemwelewa? Hata kwetu mtu mzito ndiye anayepewa kiti cha mbele.

Ndipo likapita agile, neno lenye asili ya Kilatini, linalomfaa mwanasarakasi: anakwenda kwa kasi, anageuka ghafla, na haanguki. Fowler, ambaye ni Mwingereza, alikuwa na hofu moja tu, kwamba Wamarekani wengi hawajui kulitamka.

Yaliyofuata yanajulikana: vyama, makongamano, vyeti vya kozi ya siku mbili. Mwaka 2014 Dave Thomas, naye mmoja wa wale 17, aliandika kwamba neno limepoteza maana na liachwe. Mwaka 2018 mwenzake Ron Jeffries akawashauri watengeneza programu walipe neno hilo kisogo.

Wana haki ya kukasirika. Tamko lao lilitanguliza watu na mazungumzo, na programu inayofanya kazi mbele ya makabrasha. Ingia leo kwenye ofisi inayojiita agile: ukuta umejaa vikaratasi vya rangi, na kikao cha asubuhi, kinachofanywa kwa kusimama ili kiwe kifupi, kimerefuka hadi watu wanaegemea meza. Fomu zile zile zilizokimbiwa zimerudi, zimebadilishwa majina tu.

Anayetaka kuadhimisha miaka hii 25 asiandae kongamano jingine. Afute kikao kimoja wiki hii, na ifikapo Ijumaa mteja awe na kitu mkononi cha kujaribu.