Cheti cha Probox na Ng'ombe wa Kimanagan

Kwa maajenti wa bima walio kandokando ya Uganda Road mjini Eldoret, wateja wengi huanza na swali moja: ya bei ya chini kabisa ni pesa ngapi? Mwenye Probox inayobeba abiria kwenda Kapsabet ana haki ya kuuliza hivyo, hasa kwa kuwa magari ya abiria hukatiwa bima mwezi kwa mwezi na kila mwezi una njaa zake. Lakini swali lake huchukulia kwamba bima zote ni kitu kimoja chenye bei tofauti. Nyanda hizi zilijua kugawana hasara kabla ya gari la kwanza kupanda mlima wa Timboroa, na waliofanya hivyo hawakubana matumizi mahali anapobana mwenye Probox.

Tuanze na ng'ombe. Wakipsigis walikuwa na kimanagan, desturi ambayo mwanaanthropolojia Peristiany aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1939, na Wapokot wana tilia, iliyo jamaa yake. Mfugaji hakuliacha kundi lake lote katika boma moja. Alimkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe kadhaa, rafiki akanywa maziwa, na mwenyewe akabaki na haki ya ng'ombe na uzao wake. Maradhi yakiingia kwake, au wavamizi wakija usiku, hakufilisika. Hapakuwa na ada wala ofisi. Gharama ilikuwa maziwa, na ulinzi dhidi ya udanganyifu ulikuwa ujirani: anayesema ng'ombe wako amekufa atalazimika kukutazama usoni katika sherehe zote zijazo.

Kwa mtu aliyeuawa, mzigo uliwafikia wengi zaidi. Miongoni mwa Wakalenjin, ng'ombe wa fidia walichangwa na ukoo wa muuaji. Waislamu wanalijua jambo hili kwa sura yao: mtu akiua bila kukusudia, dia hulipwa na aqila yake, yaani jamaa zake wa kiumeni. Wanazuoni wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu, hupenda kurejea hapo wanapoeleza mfumo wao, na Kenya imekuwa na kampuni ya namna hiyo, Takaful Insurance of Africa, tangu mwaka 2011. Mchango huwekwa katika mfuko wa pamoja kwa nia ya kusaidiana, mwendeshaji huchukua ujira wake, na mfuko ukibaki na ziada, wachangiaji hupewa sehemu yake kwa mujibu wa mkataba. Kwa hiyo mwanachama huokoa pesa pale wenzake wanapoendesha kwa adabu. Sidhani kama kuna hoja bora ya kumkanya dereva anayepita magari mengine penye kona.

Bima ya kawaida ilitujia na sheria ya Waingereza, ambao waliifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima kwao mwaka 1930. Hapa kwetu ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kukujua: mkulima wa Moiben na muuza nguo wa Mombasa hubeba mzigo mmoja bila kuonana. Ubaya wake ni huohuo. Kwa kuwa haikujui, inakutoza kwa ajili ya waongo pia, wale wanaopanga ajali na kuwasilisha risiti za hospitali za watu ambao hawakuwemo garini.

Ndiyo maana nasema akiba ya kweli iko katika kugawa hasara kwa ukubwa wake. Taa iliyopasuka Oloo Street na bampa iliyokwaruzwa ni hasara za kimanagan: zibebe mwenyewe au na chama chako, mnaojuana. Ukikubali kubeba fungu kubwa zaidi la kwanza la kila hasara kabla kampuni haijatoa senti, unaweza kushusha ada, na usipodai vitu vidogo unalinda punguzo la asiyedai. Usipunguze thamani ya gari kwenye fomu. Gari la shilingi 1,000,000 likikatiwa bima ya 700,000, kisha likapata uharibifu wa 300,000, kampuni inaweza kukulipa 210,000 tu, kwa uwiano uleule uliouandika. Kuliongezea thamani nako ni kutupa pesa, kwani utalipwa bei ya soko. Lipeleke gari kwa mthamini kila unapokata bima upya.

Hasara ya mtu aliyevunjika mgongo haibebeki chamani, na hapo ndipo bei ya chini kabisa humgeuka mnunuzi. Sheria ya Kenya inaibana kampuni hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi humfuata mwenye gari. Na kampuni yenyewe ikianguka? United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Standard 2009, Blue Shield 2011, Concord 2013, na kadhaa kati yao zilikuwa zikikatia bima matatu kwa wingi. Mfuko wa kufidia wenye bima una kikomo cha shilingi 250,000 kwa dai. Mwenye matatu aliyefurahia bei nafuu hujikuta anafuatwa na madalali wa mahakama. Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao iliweka kikomo cha shilingi milioni moja za kwao kwa majeruhi mmoja, pesa ambazo haziwezi kutibu paja lililovunjika. Ada ni ndogo kwa sababu ahadi ni ndogo. New Zealand ilichagua njia nyingine tangu mwaka 1974: anayejeruhiwa hulipwa na mfuko wa taifa bila kumshtaki dereva, na sehemu ya pesa hutoka kwenye petroli.

Limebaki jambo moja ambalo mkazi wa Eldoret hahitaji kuelezwa sana. Hata bima kubwa ya kawaida huwa haigusi gari lililochomwa katika fujo za kisiasa. Ulinzi huo hununuliwa kando, na ndio ambao wateja hufuta kwanza wakiona jumla. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, magari na nyumba viliteketea kote Uasin Gishu. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Bampa ningeilipia mwenyewe, na pesa ambazo ningeokoa hapo ningezitumia kununua kipengele hicho.