Nesi Akigeuka Mgonjwa

Kipindi cha wiki hii kilikuwa kirefu, na bado hatukufika pale nilipotaka tufike. Tuliongea kuhusu operesheni ya kupunguza uzito, halafu tukapotelea kwenye stori za harusi na pilau. Kwa hiyo naandika hapa ile nusu iliyobaki, historia yake, na hasa manesi waliomo ndani yake.

Wengi wetu tumelelewa na manesi, si ndiyo? Mama anarudi kutoka zamu ya usiku wakati wewe unavaa sare ya shule. Anakunywa chai na mkate hata koti hajavua, anafunga mapazia, analala. Halafu kuna anti mmoja, naye nesi, ambaye alipotea wiki tatu akarudi amepungua, na familia ikaambiwa alitolewa mawe ya nyongo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Ukisoma historia ya operesheni hii utakutana na majina ya wanaume walioshika visu. Walikuwepo, sibishi. Lakini mimi naona manesi wamo kwa undani zaidi. Miili yao ndiyo iliyopimwa ili tujue uzito unafanya nini, mikono yao ndiyo iliyowauguza waliopasuliwa, na sasa wengi wao wanalala kitandani wenyewe.

Mwaka 1976, daktari Frank Speizer wa Harvard na wenzake walituma fomu za maswali kwa posta kwa manesi wapatao 170,000 walioolewa, wenye umri wa miaka 30 hadi 55, katika majimbo 11 ya Marekani. Shida yao ya mwanzo ilikuwa vidonge vya kupanga uzazi: je, vina madhara gani baada ya miaka mingi? Waliwachagua manesi kwa sababu nesi ukimuuliza presha yake au jina la ugonjwa wake anajua kujibu. Karibu 121,700 walijibu, na tangu hapo wakawa wanaletewa fomu mpya kila baada ya miaka miwili. Wakaandika uzito, chakula, mimba, magonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maelfu yao walituma hata vipande vya kucha za miguu kwenye bahasha ili madini yaliyomo yapimwe. Kundi la pili, la manesi vijana zaidi, lilianza mwaka 1989. Mengi anayokwambia daktari leo kuhusu uzito na moyo, au uzito na kisukari, yamepita kwenye bahasha hizo.

Mwaka 2011 makundi hayo mawili yalitumika kuangalia zamu. Nesi aliyefanya zamu za usiku za kubadilishana na za mchana kwa miaka 20 au zaidi alikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo kubwa kwa takribani asilimia 58 kuliko nesi ambaye hakuzifanya kabisa. Watafiti walipoweka uzito kwenye hesabu, pengo lilishuka sana, ingawa halikuisha. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya njia inayotoka kwenye zamu kwenda kwenye kisukari inapitia kwenye uzito. Mama hakuhitaji Harvard kumwambia. Saa tisa usiku njaa haina adabu, na kinachopatikana wodini ni biskuti na chokoleti walizoacha ndugu wa wagonjwa.

Kasoro moja lazima niitaje: manesi wale karibu wote walikuwa Wazungu. Mama zetu hawamo. Na mwili una tofauti zake. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza siku hizi unasema watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati wahesabiwe kuwa kwenye hatari wakiwa na BMI ya chini kuliko Wazungu, kwa sababu kisukari huwawahi.

Na Uingereza kwenyewe? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia takwimu za afya za England, uligundua kwamba nesi mmoja kati ya wanne ana unene wa kiwango cha ugonjwa. Kwa wahudumu wasiosajiliwa, wale wanaoosha wazee na kuwageuza kitandani, ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Kazi hiyo ya pili mnajua ni nani anaifanya. Angalia meza yoyote kwenye harusi ya Kiswahili huku Uingereza.

Sasa tuje kwenye kisu. Mwaka 1954, Arnold Kremen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa: ukikata njia ya utumbo mwembamba ukaifupisha, chakula kinapita bila kunyonywa chote, na mnyama anapungua. Wazo likahamia kwa binadamu, na kwa miaka ya 1960 na 1970 watu wengi walifanyiwa. Walipungua kweli. Lakini pia waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, wakapungukiwa vitamini, na ini la baadhi yao likaharibika kabisa. Wengine walikufa. Wengi ilibidi wapasuliwe tena ili utumbo urudishwe ulivyokuwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa.

Daktari Edward Mason wa Iowa alikuja na njia nyingine mwaka 1966. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo hawanenepi tena kirahisi. (Tumbo hapa ni ule mfuko wa ndani unaopokea chakula, si kitambi.) Basi akatenga kijifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo, chakula kiruke sehemu iliyobaki. Mason aliishi hadi miaka 100, akafa Desemba 2020. Mwaka 1994 madaktari wa California, akiwemo Alan Wittgrove, waliandika jinsi ya kuifanya kwa kamera na matundu madogo badala ya kupasua tumbo zima, na hapo idadi ya wagonjwa ikaanza kupanda.

Inayofanywa zaidi leo ni nyingine: wanaondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba kama mkono wa shati. Ndugu zetu wa Muscat wanaiita takmim, kwa Kiarabu, kutokana na neno la mkono wa nguo. Kiswahili hakijapata jina lake. Mnaonaje, "operesheni ya mkono wa kanzu"? Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Homoni hiyo iligunduliwa Japani mwaka 1999, na mtu aliyekosa usingizi huwa nayo nyingi. Yaani zamu ya usiku inapandisha kitu kilekile ambacho kisu kinakwenda kukishusha.

Kilichobadilika kati ya vifo vya miaka ya 1970 na usalama wa leo si ufundi wa kushona peke yake. Mwaka 1991 jopo la taasisi ya afya ya taifa ya Marekani lilikaa na kusema mgonjwa achaguliwe na timu nzima, na afuatiliwe maisha yake yote. Kufuatilia maisha yote, jamani, ni kazi ya nani? Daktari wa upasuaji anamaliza baada ya saa moja au mbili. Anayempigia mgonjwa simu kuuliza kama anatapika, kama anameza vidonge, kama mguu umevimba, ni nesi. Vituo vingi sasa vina manesi ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwa nini basi, anapokuwa mgonjwa yeye mwenyewe, anaficha? Tunasema ni aibu, nesi anayewafundisha wengine kula vizuri kashindwa mwenyewe. Hiyo ipo. Ila kwa manesi waliosomea Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi. Sisi tumekulia mahali ambapo kupungua ni kutafuta sifa kwenye mtandao. Wao walikuwa wodini miaka ya 1980 na 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walijulikana Kagera mwaka 1983, na watu huko waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiuzwa wakati huo. Uganda waliuita Slim, kwa sababu mtu alikonda hadi akaisha. Nesi wa kizazi kile aliwaosha watu hao na kusikia yanayosemwa nje ya dirisha. Kwake, kunenepa ni kunawiri, na kukonda ghafla ni swali ambalo jirani hatakuuliza usoni. Kwa hiyo anatangaza mawe ya nyongo kabla hajaulizwa. Kichekesho ni kwamba kupungua haraka huweza kweli kuleta mawe ya nyongo, na wapo waliorudi hospitali mwaka uliofuata kutolewa yale waliyosingizia.

Maandalizi yenyewe hayana siri. Kuna miezi ya miadi: vipimo vya damu, mtaalamu wa lishe, mtu wa kuongea naye kuhusu kula na huzuni, kipimo cha usingizi kwa anayekoroma. Halafu wiki mbili hivi za chakula kidogo sana chenye wanga na mafuta machache, huku Uingereza mara nyingi maziwa na mtindi. Sababu yake wengi hawaambiwi vizuri. Ini limelalia juu ya mfuko wa chakula, na ini lenye mafuta ni kubwa na zito kunyanyua. Wiki hizo mbili zinalisinyaza ili daktari apate nafasi. Sasa fikiria nesi anayeendelea na zamu za saa 12 kwa maziwa matupu huku akisukuma toroli la chakula cha wagonjwa.

Baada ya operesheni anasimama siku ileile atembee, damu isigande miguuni. Nyumbani kuna sindano za kuzuia damu kuganda, za kuchoma tumboni, na hapo nesi ana raha yake, anajichoma bila kusubiri mtu. Wiki za mwanzo ni supu iliyochujwa na maji ya kudonoa. Kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini. Ugali na mkate huchelewa, na kwa wengine chapati hairudi kuwa rafiki kabisa. Hakuna kunyanyua vizito kwa wiki nne hadi sita, na kazi ya wodi ni kunyanyua.

Kurudi kazini ndiko kunakomtesha. Anatakiwa ale polepole, vitonge vidogo, atafune hadi viishe, asinywe maji pamoja na chakula bali asubiri nusu saa. Mapumziko yake ni nusu saa, kama kengele haijalia. Akimeza haraka, chakula kinakwama kifuani. Akila kitu chenye sukari nyingi, kinashuka ghafla kwenye utumbo, moyo unamdunda, jasho linamtoka katikati ya wodi. Na mgongo je? Manesi wengi wana mgongo mbovu, na dawa yao ni Brufen. Waliotengenezewa kijifuko cha Mason wanakatazwa kuitumia, maana inatoboa vidonda pale pa kiungo. Wanabaki na Panadol, na mgongo ni uleule.

Mimba inashauriwa isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hilo linawahusu wasichana wa rika letu ambao nao sasa wamo kwenye uuguzi, na wapo.

Huku Uingereza hospitali iliyokupasua inakufuatilia kwa miaka miwili, kisha unarudishwa kwa daktari wako wa mtaani kwa vipimo vya damu kila mwaka: madini ya chuma, vitamini D, B12. Vidonge ni vya maisha, na wengi huchomwa sindano ya B12 kila miezi mitatu. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka anti wako, aliyechoma sindano miaka 30, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kukunja mkono wa nguo, na anayekuja na sindano ni nesi mwenzake.