Zawadi ya marehemu kwa wagonjwa wa kisukari

Ukitaja kisukari, watu hufikiria mara moja sindano ya insulini. Wachache hujiuliza wanasayansi huzipata wapi zile chembechembe zinazotengeneza insulini mwilini, wanapotaka kuzichunguza. Wiki hii nataka tuifuate historia hiyo, kwani ndani yake limo jambo ambalo haliuzwi dukani.

Mwaka 1869, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alitazama kongosho kwa hadubini, akaona vijikundi vya chembechembe vimetawanyika humo kama visiwa. Kazi yake hakuijua, na alifariki mwaka 1888 bila kuijua. Mwaka uliofuata, mjini Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akashikwa na kisukari. Mwaka 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 akadungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe, akapona kifo kilichokuwa mlangoni.

Wengi walidhani mambo yamekwisha. La hasha! Insulini huokoa maisha, lakini haiondoi ugonjwa. Kuna kisukari ambacho huanza zaidi utotoni na ujanani, ambapo kinga ya mwili huzigeukia chembechembe za insulini na kuziua. Kwa nini? Huwezi kujibu bila kuvichunguza visiwa vyenyewe vikiwa hai.

Kuvipata si kazi ndogo. Kongosho la mtu mzima lina visiwa vipatavyo milioni moja, lakini vyote pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Mwaka 1967 Paul Lacy, wa St. Louis, Marekani, alitumia kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi za nyama, akavitoa visiwa katika kongosho la panya. La binadamu lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1988 Camillo Ricordi na wenzake, Lacy akiwemo, walieleza chombo ambamo kongosho hutikiswa na kuyeyushwa taratibu, na visiwa huondolewa kadiri vinavyoachana nalo, kabla havijaharibika.

Mtu atauliza: panya si wapo? Wapo, na wametufikisha mbali. Lakini panya si mtu. Katika kisiwa cha panya, chembechembe za insulini hukaa katikati, nyingine zikizizunguka kama ua. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kwa binadamu zimechanganyika. Dawa inayomfaa panya yaweza kushindwa kwa mtu.

Basi kongosho la binadamu hutoka wapi? Hutoka kwa marehemu. Mtu amefariki hospitalini, na jamaa zake, machozi hayajakauka, wanaulizwa swali zito. Wakikubali, kiungo huangaliwa kwanza kama chaweza kumfaa mgonjwa. Kisipofaa, nao wameridhia utafiti, huwekwa katika baridi na kukimbizwa maabara, maana kila saa inayopita inaua chembechembe. Visiwa vikishatolewa husafirishwa vikiwa hai hadi kwa watafiti wa miji mingine. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilianza kugharamia vituo vya kazi hiyo, na mwaka 2009 ukaanza mpango mmoja wa kuvigawa, ukiratibiwa na City of Hope, huko California.

Matunda yapo. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kuwa wagonjwa 7 waliopandikizwa visiwa wameacha sindano, ingawa baadaye wengi wa waliotibiwa kwa njia hiyo walizirudia. Na kila mgonjwa alihitaji visiwa vya marehemu wawili au zaidi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo. Siku hizi wanasayansi wanajaribu kuotesha chembechembe kama hizo maabara, lakini ili wajue kama zimefanana na za kweli, hapana budi wazilinganishe na kisiwa kilichotoka kwa binadamu.

Sifa zote huwaendea wenye maabara. Majina ya marehemu na jamaa zao hayatajwi. Mimi nasema hao nao ni washiriki wa kazi hii, tena bila wao maabara zingekaa na vyombo vitupu.

Ninachosikitikia ni kwamba swali lile huulizwa siku mbaya kuliko zote, na mara nyingi jamaa hawajui marehemu angependa nini. Hilo ni la kuzungumzwa nyumbani mapema, watu wakiwa wazima, kila mmoja kwa imani yake. Atakayekataa asilaumiwe, kwani zawadi ya kulazimishwa si zawadi. Atakayekubali naye ajue kuwa wazee hawakukosea waliposema wema hauozi.